Kopo la Bluu Juu ya Redio

4 Februari

Mdogo wangu, Daktari wa familia,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa kidole gumba ambacho nimekipiga nyundo tena, na ukucha umekuwa mweusi kama lami. Shangazi amepata miwani mpya na sasa anaona vumbi lote la karakana yangu, kwa hiyo kila akija ni hotuba. Nimepata kazi ya viti sitini vya ukumbi, vyote vya kuvuliwa ngozi na kujazwa sponji upya. Mwenye duka la rangi hapo jirani bado anajifanya hanitazami. Basi, tupo.

Nije kwenye jambo lenyewe. Mbwa wako Karani ameumia.

Jana asubuhi alikuwa amepanda juu ya makochi mawili niliyoyabebanisha, pale anapopenda kukaa na kukagua kila mteja anayeingia. Mwenye duka la rangi akapita na mkokoteni wake. Karani akaruka ili amhoji, kama kawaida yake, akatua vibaya. Alilia mara moja tu, kisha akanyamaza. Tangu hapo mguu wa nyuma wa kulia hautaki kugusa chini. Goti limevimba. Anahema mdomo wazi na hakuna joto. Nikimsogelea ananitazama kwa jicho la pembeni, na chakula amekinusa akageuza shingo.

Daktari wa mifugo nimeambiwa yuko mashambani anachanja ng'ombe, hajulikani atarudi lini.

Lile kopo la bluu la dawa za mama bado liko palepale rafuni, juu ya redio. Nawaza nimpe nusu kidonge apumzike. Wewe ndiye unayetoa dawa huko kambini kwenu, porini kusikoshika simu. Niambie.

Dada yako,
Nyundo

9 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Naandika huku dereva wa lori la maji amekaa kwenye usukani na injini inanguruma, nimemsihi anisubiri dakika kumi. Barua yako imefika mchana huu.

USIMPE HICHO KIDONGE. Hata nusu. Hata robo. Zile za mama zilikuwa dawa kali za mtu mzima mgonjwa, zinaweza kumzimisha pumzi. Na usije ukasema basi nitampa za kawaida. Parasetamo tunayomeza sisi bila kufikiri inaharibu ini na damu ya mbwa. Ibuprofeni na diklofenaki zinamtoboa tumbo na kuua figo. Aspirini nayo iache. Hata kama jirani ana dawa iliyobaki ya mbwa wake, usiiazime, kwa sababu daktari anapima kwa kilo za mnyama na anaangalia kwanza hali ya figo na tumbo lake. Hakuna cha kukisia hapa.

Fanya hivi mpaka daktari afike. Mfungie chumba kidogo, asipande wala kushuka kitu. Una sponji tele, mtandikie nene, na sakafuni weka mkeka au gunia ili asiteleze. Akitaka kwenda uani, pitisha taulo chini ya tumbo lake mbele ya miguu ya nyuma, umbebe uzito yeye akitembea. Barafu ifunge kwenye kitambaa, kamwe usiiweke kwenye ngozi, umkande goti dakika kumi, mara tatu kwa siku, hizi siku za mwanzo. Akikataa, mwache. Usimvute mguu kuujaribu. Maji yawe karibu na mdomo wake.

Na wewe jihadhari. Karani hajawahi kumng'ata mtu, lakini mbwa mwenye maumivu hajui dada ni nani. Ukilazimika kumbeba, mfunge mdomo taratibu kwa utepe laini wa kitambaa, ila si wakati anapotapika au kuhema sana. Akitapika, fizi zikipauka, tumbo likijaa, au akishindwa kusimama kabisa, usingoje mtu. Tafuta gari, mpeleke popote penye daktari wa wanyama. Mpigie simu hata huko mashambani, kuna mengi anaweza kukuelekeza kwa mdomo.

Andika alianza kuumia saa ngapi, amekula nini, amekojoa mara ngapi. Daktari atauliza.

Dereva anapiga honi. Nijibu na lori hilihili. Tafadhali, Dada. Nimemlea mbwa yule kwa chupa.

Mdogo wako

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya. Ni matumaini yangu kwamba u mzima kama nilivyo mimi. Barua yako nimeipokea na yaliyomo nimeyaelewa. Samahani kwa kuchelewa kukujibu, huku mvua ni nyingi na barabara ni mbovu.

Shangazi hajambo. Viti vya ukumbi vimefika ishirini na mbili. Ukucha umeng'oka.

Kuhusu mgonjwa, nasikitika kusikia anaumia. Lakini ugonjwa ni jambo la subira. Mpe moyo, mwambie avumilie, daktari atafika tu. Dawa si kila kitu. Mgonjwa akiwa na watu wake karibu, nusu ya maumivu yamekwisha. Kuhusu lile kopo, nitakueleza nafasi ikipatikana.

Huku kazi ni nyingi mno, ndiyo maana siandiki kwa kirefu. Nisalimie wote wanaoniulizia.

Dada yako

8 Machi

Dada,

Shikamoo. Salamu zako zimefika na zimenichoma.

Mvua gani? Dereva wa lori anatoka huko kila wiki, anasema vumbi limewajaa mpaka masikioni. Na unasikitika kusikia anaumia? Umesikia kwa nani, wakati mbwa yuko hapo miguuni pako? Mimi ndiye ninayesikia! Wiki tatu na nusu nimekaa nakungoja, unaniandikia ukucha. Ukucha, Dada!

Nijibu haya tu. Je, daktari amekuja? Karani anakula? Anakanyaga? Uvimbe umeshuka? Je, umempa kitu kutoka kwenye lile kopo? Ulimpa lini, kiasi gani? Alitapika? Kinyesi chake ni cheusi? Anakunywa maji kuliko kawaida? Yuko hai? Dada, je, yuko hai?

Jumapili nimetembea saa mbili kwenda na mbili kurudi, mpaka juu ya kilima kilicho nyuma ya machimbo, ambapo wapimaji wanasema simu hushika. Inashika. Nimekupigia mara tisa. Imeita mara tisa mpaka ikakatika yenyewe.

Siku hizi nikiwa dirishani natoa dawa, nahesabu vidonge mara mbilimbili. Jana nilimpa fundi wa umeme dawa ya minyoo ya mwenzake. Hakudhurika, lakini msimamizi ameniita ofisini na kuniuliza nina shida gani. Nikasema mgonjwa nyumbani. Sikusema ni mgonjwa gani.

Halafu kuna kitu kwenye barua yako. Nimeisoma mara nyingi. Sijui kwa nini, maneno yale nayafahamu.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Shangazi amekalia miwani yake, kwa hiyo vumbi langu limepata amani. Viti vimefika arobaini na moja.

Simu yako niliiona. Nilikuwa na misumari mdomoni. Ilipoacha kuita niliitema misumari yote kiganjani, nikakaa naitazama simu, ikaita tena, nikairudisha misumari mdomoni. Mara tisa. Nimefurahi mara tisa, siwezi kukuficha.

Kumbe kuna kilima! Miaka mitatu unatuambia huko kwenu simu hazishiki, hakuna namna, ni barua tu. Na mama alikuwa akiniambia nisikulaumu, kwamba umefungiwa porini, maskini. Alikuwa analala na simu yangu chini ya mto wake, eti labda mtandao utajitokeza. Ulikuwa umejitokeza. Ulikuwa saa mbili kwa miguu.

Unauliza maneno yale umeyasikia wapi. Uliyaandika wewe. Barua yako ya tarehe 17 Machi mwaka jana, ninayo hapa mbele yangu, nimeibandika kwenye ukuta wa karakana kwa misumari minne. Nimeinakili ilivyo, mvua na barabara, "mpe moyo, mwambie avumilie", koma na nukta zote. Nilichoongeza ni habari ya kopo, ukucha, viti na Shangazi, ili ijulikane imetoka kwangu.

Jambo jingine. Kwenye ukurasa wako mmoja umemuulizia Karani maswali kumi na moja. Nimeyahesabu. Hali ya mama, muda wote alioumwa, uliiulizia mara moja, mwisho kabisa wa barua nyingine, chini ya ombi la soksi.

Tarehe 17 Machi. Unajua siku hiyo kulikuwa na nini hapa nyumbani. Umeambiwa baadaye, unajua. Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya mama isipige ukuta, na wewe kwa mkono wako uliotulia, kwa kalamu ya serikali, unaniandikia avumilie.

Kuhusu Karani, nitakuandikia.

Dada yako

5 Aprili

Dada,

Sina la kujitetea, na sijitetei.

Nimeomba ruhusa. Nilidhani watanikatalia. Msimamizi ameisaini papo hapo, hata kikombe chake cha chai hakukiweka chini. Natoka hapa tarehe 18 na lori la vifaa, nitafika nyumbani tarehe 20 mchana. Daktari wa wanyama wa mji wa njiani nimempata kwa simu kutoka kilimani, amesema nikimkuta mbwa ana hali mbaya nimpigie, atakuja hata Jumapili.

Kama amekufa, usimzike mbali. Nifungulie mlango tu.

Mdogo wako

19 Aprili
(Juu ya meza, chini ya chupa ya chai)

Mdogo wangu,

Karibu nyumbani. Chai iko kwenye chupa, mkate kwenye kabati, chumba chako nimekifagia. Mimi sipo. Nimekwenda kufunga vile viti sitini ukumbini, vimekwisha, nitarudi baada ya siku tatu. Ningeweza kwenda wiki ijayo. Nimechagua wiki hii, kwa sababu nikikuona uso nitakuhurumia, na sijamaliza.

Kama umepewa ufunguo na mwenye duka la rangi, basi umeshakutana na Karani, maana nimemwachia yeye. Umeona anavyotembea. Umeona anavyokimbia. Sasa kaa chini usome.

Barua ya kwanza nilikuandikia tarehe 4 Februari asubuhi, na kila nilichoandika juu ya mguu wake kilikuwa kweli asubuhi hiyo. Jioni daktari wa mifugo alirudi kutoka mashambani na viatu vyake vya mpira, akapitia hapa kabla hata ya kufika kwake. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimeshampigia simu huko alikokuwa. Yote uliyonielekeza kwenye barua yako alinielekeza yeye kabla yako: sponji, gunia, taulo chini ya tumbo, barafu kwenye kitambaa, na kwamba nisithubutu kumpa dawa ya binadamu. Alimpima kwa kumbeba na kusimama naye kwenye mizani ya mwenye duka la rangi. Kilo kumi na tisa. Akasema mshipa wa goti umevutika, haujakatika. Akampiga sindano, akaniachia dawa ya siku tano niwe nampa na chakula, akaniambia wiki sita za kutulia. Kesho yake asubuhi Karani alikula uji bakuli zima. Barua yangu ilikuwa haijapanda hata lori.

Kwa hiyo siku zote ulizokaa unahesabu vidonge mara mbilimbili, mbwa wako alikuwa amelala kwenye sponji ya inchi sita, sponji bora kuliko ya ukumbi, anakoroma. Nilikuwa namtazama yeye, nakufikiria wewe, na kazi inakwenda vizuri.

Nilitaka ujue ilivyo kungoja barua. Lori linaingia, unatoka mbio na mikono ina gundi, unaambiwa hakuna kitu. Lori la pili, hakuna. Halafu inakuja, unaichana bahasha kwa meno, na ndani unakuta barabara ni mbovu. Nilikulipa kipimo kilekile, wala sikuzidisha. Ulingoja siku ishirini na tano. Sisi tulizoea zaidi.

Lakini hili la mwisho sikulipanga, umejileta mwenyewe.

Inuka uende kwenye redio. Lishushe kopo la bluu. Fungua.

Umeona? Tupu. Halina hata unga. Lilikuwa tupu tarehe 4 Februari nilipokutisha nalo, na lilikuwa tupu tarehe 6 Machi mwaka jana, siku kumi na moja kabla mama hajatutoka. Hospitali walisema dawa zimekwisha, nirudi baada ya wiki mbili. Nikakuandikia siku hiyohiyo, na sikuzunguka. Mstari wa kwanza baada ya salamu: kopo la bluu ni tupu, mama anaumwa mchana kutwa, tafadhali niambie nimpe nini au nikatafute wapi, au tuma na dereva.

Mtu aliyesoma barua ile asingeweza kusahau lile kopo. Nilipokuandikia mwaka huu kwamba nawaza kumpa Karani nusu kidonge, nilikuwa nakungoja uniandikie, Dada, kidonge gani, si uliniambia kopo tupu? Ungeandika hivyo tu, ningekujibu siku ileile. Nakuapia. Wewe ukaniandikia USIMPE, kwa herufi kubwa.

Ndipo nikajua. Hukuisoma. Ulijibu barua ya mama akiwa kwenye maumivu bila hata kuifungua.

Ruhusa uliyoipata kwa mbwa, ulisema kwa mama haitolewi.

Mkate uumalize, utaota ukungu.

Dada yako,
Nyundo

21 Aprili
(Juu ya meza, chini ya kopo la bluu)

Dada,

Shikamoo.

Nilishuka kwenye gari pale kona. Mwenye duka la rangi alikuwa mlangoni, na Karani miguuni pake. Mbwa aliniona kabla sijamwona. Alikuja mbio, miguu yote minne, masikio yamelala nyuma, akanipiga kifuani nikakaa chini katikati ya njia na begi langu. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nalia, na sikuwa nimesoma barua yako bado.

Nimeisoma. Kopo nimelifungua.

Ni kweli. Barua ya tarehe 6 Machi sikuifungua. Ninayo, nimekuja nayo, ilikuwa kwenye begi pamoja na nyingine mbili za mwezi ule. Dereva alinipa dirishani tarehe 8, nikaishika, nikaona umeandika jina la kambi kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Nikajua ndani kuna mama. Nikaiweka kwenye droo ya bandeji, nikasema nitaisoma kesho. Kila siku kesho. Kisha dereva akaniuliza, huna jibu? Nikaona aibu, nikaandika yale. Yale ndiyo ninayowaambia wagonjwa wote dirishani dawa zinapokwisha. Nayatoa bila kufikiri.

Nimeifungua jana, hapa mezani, kwa kisu chako cha ngozi. Rafu zangu zilikuwa zimejaa, Dada. Mwezi ule wa tatu zilikuwa zimejaa. Daktari wetu wa kambi angeandika karatasi siku hiyohiyo, na lori lingefika kwenu baada ya siku mbili. Mama angelala siku saba. Nimefanya hesabu hiyo tangu jana, naifanya tena kila nikikaa.

Ruhusa sikuomba. Nilikuambia haitolewi, na sikuwahi kuiomba. Nilipokuja siku ya tatu baada ya maziko, ulidhani nimekaa uani na mbwa kwa sababu sina uchungu. Nilikaa naye kwa sababu alikuwa ndiye pekee ndani ya nyumba ile asiyejua kuniuliza kitu.

Umeniuliza kwenye barua, bila kuandika, kwa nini mbwa na si mama. Nitakujibu. Karani hawezi kuniuliza mbona umechelewa. Mama angeniuliza. Kadiri nilivyokawia ndivyo swali lilivyokua, na kadiri lilivyokua ndivyo nilivyokawia, mpaka akafa. Niliogopa kumwona mama yangu, Dada. Hakuna sababu nyingine. Ningekuwa nayo ningekupa.

Nilikuja nimchukue Karani niende naye. Nimebadili mawazo. Jioni nilimwita alale chumbani kwangu, akaja, akanilamba mkono, kisha akarudi kulala mlangoni pa mama, kwenye sponji uliyomtandikia. Mwache hapo.

Umelipiza, na umenipata. Sikulaumu kwa hata siku moja kati ya zile ishirini na tano.

Mkate nimeumaliza.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima, Shangazi mzima, ameletewa miwani nyingine. Ukucha umeanza kuota, mwembamba bado. Viti vyote sitini vimekaliwa na hakuna aliyelalamika.

Nimerudi kutoka ukumbini nikakuta umeosha kikombe na kukilaza kifudifudi, kama mama alivyokuwa akitaka. Nimekigeuza. Kisha nimekilaza tena.

Kwa mwaka mzima nimepanga siku utakayosema kwamba uliogopa. Nilidhani nitaruka kwa furaha. Nilikuwa na maneno tayari, makali, nayanoa kila nikipiga msumari. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, na yale maneno yote sijui yamekwenda wapi. Nina hasira bado. Usije ukadhani zimekwisha. Siku saba ulizozitaja, mimi nilikuwamo ndani yake.

Lakini na mimi ninayo bahasha ambayo sikuifungua mbele yako. Mama aliacha neno lako.

Ilikuwa siku mbili kabla. Maumivu yalimwachia kidogo asubuhi, akaomba nimwegemeze kwenye mto. Akaniambia, "Mdogo wako akija, usimgombeze mlangoni. Mpe chakula kwanza." Nikamuuliza, na asipokuja? Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe. Akasema, "Asipokuja, ni aibu tu imemkamata. Yule tangu mdogo akivunja kitu hujificha. Mwambie mimi sikuhesabu siku."

Hilo tu. Basi akauliza kama Karani amekula.

Nilitakiwa nikuambie siku ile ya tatu baada ya maziko. Nilikuona uani umemkumbatia mbwa, nikalimeza. Ulikuwa msamaha, na niliona huwezi kupewa bure mimi nikiwa nimelipa. Nikalishika mwaka na ushee. Katika yote niliyokufanyia, hili ndilo kubwa, na hukulijua.

Sasa unalo. Mama asingekuuliza mbona umechelewa. Angekuuliza umekula nini njiani. Swali ulilolikimbia halikuwapo. Sijui kama nakuambia hivi ili upone au ili likuume maisha yako yote. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi natafuta jibu, na nadhani ni yote mawili.

Kopo la bluu sikulirudisha juu ya redio. Natilia misumari midogo.

Karani anakanyaga vizuri. Daktari wa mifugo alipita juzi, akamkunja goti na kulikunjua, akasema amemaliza naye.

Jumapili panda kile kilima. Misumari nitaitema. Ila ukinipigia, usianze na mbwa.

Dada yako